DNA inayojirudia katika jenomu za uyoga unaoliwa

DNA inayojirudia katika jenomu za uyoga unaoliwa ni vipande vya DNA ambavyo mfuatano wake wa herufi (besi A, T, G na C) hupatikana zaidi ya mara moja, pengine maelfu ya mara, ndani ya jenomu ya uyoga mmoja. Baadhi ya vipande hivyo vimepangana kama shanga za aina moja kwenye uzi. Vingine vimetawanyika huku na huko katika kromosomu, kwa sababu vina uwezo wa kujinakili na kujipachika mahali papya.

Kiasi chake hutofautiana sana kati ya spishi na spishi. Katika uyoga-kifungo (Agaricus bisporus), ule mweupe wa mviringo unaouzwa madukani karibu kote duniani, ni takriban sehemu moja ya nane ya jenomu. Katika trufu nyeusi ya Ufaransa (Tuber melanosporum) ni zaidi ya nusu.

Kwa miaka mingi sehemu hizo ziliitwa "DNA takataka", na jina hilo bado linarudiwa katika vitabu vya shule. Halifai. Ni kweli kwamba nyingi kati ya nakala hizo hazina kazi inayojulikana mwilini mwa uyoga, lakini zinaathiri jeni zilizo karibu nazo. Aidha ndizo zinazotumiwa na wataalamu kutambua uyoga uliokaushwa, kufichua udanganyifu sokoni na kutofautisha mbegu moja ya uyoga na nyingine.

Aina

Kuna makundi mawili makubwa. La kwanza ni mirudio ya mfululizo, yaani nakala zinazofuatana moja kwa moja. Iliyo mifupi kuliko yote huitwa mikrosatelaiti: herufi 1 hadi 6 zinazorudiwa, kwa mfano CACACACACA. Kimeng'enya kinachonakili DNA huteleza kwa urahisi mahali kama hapo, mithili ya mtu anayenakili ukurasa wenye neno moja lililoandikwa mara ishirini akapoteza hesabu. Kwa hiyo idadi ya mirudio hubadilika haraka kutoka kizazi hadi kizazi, na uyoga wawili wa spishi ileile mara nyingi huwa na hesabu tofauti mahali palepale. Minisatelaiti hufanana nazo, ila kila rudio ni refu zaidi, kwa kawaida herufi 10 hadi 60 hivi.

Ncha za kromosomu, ziitwazo telomea, ni mirudio ya mfululizo pia. Katika uyoga-chaza (Pleurotus ostreatus) na uyoga-kifungo mfuatano wake ni TTAGGG, sawasawa na ule wa binadamu. Telomea huzuia ncha hizo zisiliwe kidogokidogo kila seli inapogawanyika.

Mirudio mingine ya mfululizo ni jeni za RNA ya ribosomu. Ribosomu ni mitambo midogo ya seli inayotengeneza protini, na seli huhitaji nyingi sana, kwa hiyo jeni zake huwekwa kwa nakala nyingi zilizopangwa safu moja. Utafiti uliolinganisha jenomu za spishi mbalimbali za kuvu mwaka 2019 ulikuta idadi ya nakala hizo ikianzia 14 tu na kupita 1,400. Hizi si takataka kwa maana yoyote ile: bila yake hakuna uyoga.

Kundi la pili ni transposoni, yaani vipande vya DNA vinavyohama. Viligunduliwa na Mmarekani Barbara McClintock katika mahindi miaka ya 1940, alipokuwa akichunguza punje zenye madoadoa ya rangi. Wenzake wengi walichukua muda kumwelewa, na Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1983. Transposoni zimegawanyika kufuatana na namna zinavyohama. Retrotransposoni hunakiliwa kwanza kuwa RNA, halafu RNA hiyo hugeuzwa tena kuwa DNA na kupachikwa mahali pengine, huku nakala ya awali ikibaki pale ilipokuwa. Kila safari huongeza nakala moja, na ndiyo sababu hizi ndizo zinazovimbisha jenomu. Transposoni za DNA hujikata zenyewe na kuhamia kwingine. Aina ya tatu, helitroni, hujinakili kwa kuzunguka, na katika uyoga-chaza zimeonekana zikibeba vipande vya jeni za kawaida na kwenda navyo.

Katika uyoga mwingi uliochunguzwa, retrotransposoni zenye mirudio mirefu kwenye ncha zake mbili ndizo nyingi kuliko zote, hasa zile za ukoo uitwao Gypsy. Jina hilo lilitolewa kwanza kwa kipande kilichopatikana katika nzi wa matunda.

Kiasi katika spishi mbalimbali

Jenomu ya uyoga-kifungo ilichapishwa mwaka 2012. Ina herufi takriban milioni 30, kromosomu 13 na jeni zaidi ya 10,000. Kwa kulinganisha, jenomu ya binadamu ina herufi zaidi ya bilioni 3. Uchunguzi wa mirudio yake uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba transposoni ni asilimia 12 hivi ya jenomu, ilhali mirudio ya mfululizo haifiki asilimia 2. Transposoni hizo hazikutawanyika sawasawa: sehemu kubwa imerundikana katika sentromea, yaani kiuno cha kila kromosomu, mahali penye jeni chache.

Jenomu ya trufu nyeusi ilitangazwa mwaka 2010 katika jarida la Nature na kundi la watafiti, wengi wao Wafaransa na Waitalia, likiongozwa na Francis Martin. Trufu ni kuvu inayozaa tunda lake chini ya ardhi, kwenye mizizi ya miti kama mwaloni, na hutafutwa kwa mbwa wenye pua kali. Matokeo yaliwashangaza wengi. Jenomu hiyo ina herufi milioni 125, mara nne ya uyoga-kifungo, lakini jeni zake ni 7,500 tu, pungufu ya zile za uyoga-kifungo. Ukubwa ule ulitokana hasa na transposoni, ambazo ni asilimia 58 ya jenomu. Kwa maneno mengine, trufu ni kama nyumba kubwa ya mtu mwenye vyombo vichache, iliyojaa magazeti ya zamani hadi darini. Jenomu ya trufu nyeupe ya Italia (Tuber magnatum), iliyochapishwa mwaka 2018, ni kubwa zaidi: takriban milioni 190. Katika utafiti huohuo ilisomwa pia Terfezia boudieri, mojawapo ya trufu za jangwani, kundi linalopendwa sana na wakazi wa Uarabuni na Afrika ya Kaskazini.

Matsutake (Tricholoma matsutake), uyoga wa misonobari unaothaminiwa mno nchini Japani, ana hali hiyohiyo. Jenomu yake inapita herufi milioni 150, na sehemu iliyo kubwa zaidi ni mirudio. Shiitake (Lentinula edodes), ambayo hulimwa kwenye magogo na mifuko ya vumbi la mbao, ina herufi zaidi ya milioni 40 hivi, na uyoga-chaza una takriban milioni 35.

Mtindo unaonekana hapa. Uyoga unaoishi kwa kuozesha majani, mbao au mboji huwa na jenomu ndogo. Ule unaoishi kwa mikoriza, yaani kwa ushirika na mizizi ya miti hai, huwa na jenomu iliyovimba. Dalili ya kwanza ilitoka kwa Laccaria bicolor, uyoga mdogo unaoliwa, ambao mwaka 2008 ulikuwa wa kwanza kati ya uyoga wa mikoriza kusomwa jenomu yake yote: herufi milioni 65, karibu sehemu moja ya tano zikiwa transposoni. Mwaka 2020 utafiti mkubwa uliolinganisha jenomu 135 za kuvu ulithibitisha kwamba ongezeko la transposoni limetokea tena na tena, kila mara ukoo fulani wa kuvu ulipoacha kuozesha na kuanza kushirikiana na mizizi. Wakati huohuo koo hizo zilipoteza jeni nyingi za vimeng'enya vya kuvunja mbao, kwa vile sukari sasa hutolewa na mti.

Kwa nini mambo hayo mawili yaende pamoja ni jambo linalojadiliwa. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba nakala mpya ya transposoni huwa na madhara madogo tu, na uteuzi asilia huweza kuiondoa pale penye umati mkubwa wa viumbe wanaozaana kwa wingi. Panapokuwa na wachache waliotawanyika, nakala hizo huponyoka na kulimbikizana.

Viini viwili ndani ya uyoga-chaza

Uyoga-chaza unastahili maelezo ya peke yake, kwa sababu ndio uliochunguzwa kwa undani zaidi kuhusu athari za transposoni, na pia kwa sababu jenasi yake ndiyo inayolimwa zaidi na wakulima wadogo wa Afrika ya Mashariki. Nchini Tanzania wengi huuita mamama.

Kila seli ya uyoga-chaza tunaokula ina viini viwili, kimoja kutoka kwa kila mzazi, ambavyo huishi pamoja bila kuungana hadi wakati wa kutengeneza spora. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Umma cha Navarra, katika mji wa Pamplona huko Hispania, walichukua mbegu ya kibiashara iitwayo N001, wakatenganisha viini vyake viwili na kukuza kila kimoja peke yake. Kimoja kiliitwa PC15 na kingine PC9. Jenomu zote mbili zilisomwa kwa ushirikiano na maabara ya serikali ya Marekani.

Mwaka 2016 kundi hilo lilichapisha hesabu ya transposoni katika jenomu 18 za kuvu mbalimbali. Kiasi kilianzia asilimia 0.02 na kufikia karibu asilimia 30. Katika PC15 kilikuwa zaidi ya asilimia 6, katika PC9 chini ya asilimia 3, ingawa viini hivyo viwili vilitoka ndani ya uyoga mmoja. Sehemu ya tofauti hiyo huenda inatokana na ubora wa usomaji, kwa kuwa jenomu ya PC9 haikuunganishwa kikamilifu kama ya PC15. Hata hivyo kulikuwa na maeneo mazima ya kromosomu ambamo transposoni zimejazana na viini hivyo viwili havifanani kabisa. Nyingi za retrotransposoni hizo ziliingia katika miaka milioni 2 iliyopita, muda ambao ni mfupi katika historia ya spishi.

Jambo la maana zaidi lilikuwa lile lililoonekana kwa jeni za jirani. Jeni nyingi zilizo kando ya transposoni zilikuwa zimezimwa au kupunguzwa nguvu, na zile zilizozungukwa na rundo la transposoni zilizimwa zaidi. Watafiti walipolinganisha na kuvu wengine, waliona uzimaji huo kwa zile tu zenye uwezo wa kuweka alama za kemikali kwenye DNA. Kwa hiyo watafiti wanakisia kwamba si transposoni yenyewe inayozima jeni. Huenda ni ulinzi wa seli dhidi ya transposoni unaomwagika hadi kwa jirani asiye na hatia.

Ulinzi wa seli

Ulinzi huo kwa kawaida ni umethilishaji: kikundi kidogo cha kemikali (methili) hubandikwa kwenye herufi C za kipande kinachojirudia, na kipande hicho hakisomwi tena. Katika trufu nyeusi transposoni zimebandikwa alama hizo kwa wingi, lakini si zote. Utafiti wa mwaka 2014 ulikuta baadhi yake zimeachwa wazi na zinasomwa, hali ambayo inaweza kueleza kwa nini jenomu ya trufu imeendelea kuvimba.

Kuvu wana njia kali zaidi. Katika Neurospora crassa, ukungu unaotumiwa sana maabarani, iligunduliwa mwaka 1987 kwamba kipande chochote kinachojirudia hushambuliwa kabla ya uzazi na herufi zake kuharibiwa moja moja hadi kisiweze kufanya kazi tena. Ascobolus immersus, ndugu wa mbali wa trufu, hufanya jambo kama hilo kwa upole: hubandika methili bila kuharibu herufi. Gharama ya ulinzi wa aina hiyo ni kwamba jeni mpya haziwezi kuzaliwa kwa urahisi kutokana na nakala za jeni za zamani, maana nakala nazo hushambuliwa.

Trufu na suala la baba

Hadi miaka ya 2000 wataalamu wengi waliamini kwamba trufu nyeusi hujirutubisha yenyewe. Hoja yao ilikuwa ya wazi. Kila walipopima mikrosatelaiti katika nyama ya trufu walikuta hesabu moja tu kwa kila mahali, kamwe si mbili. Kama kuna baba na mama, alama za wazazi wote wawili zingepaswa kuonekana.

Kosa lilikuwa mahali pa kupimia. Nyama ya trufu ni tishu ya mama peke yake. Mchango wa baba umo ndani ya spora tu, na spora zina ukuta mgumu ambao mbinu za kawaida za kutoa DNA haziupasui. Watafiti wa Italia walipozivunja spora na kuzipima kando, kwanza katika trufu nyeupe (2006) na kisha katika trufu nyeusi (2008), walikuta hesabu za mikrosatelaiti ambazo hazimo katika nyama. Baba alikuwepo siku zote. Jenomu iliposomwa mwaka 2010, ilionekana kwamba kuvu iliyosomwa ina jeni za jinsia moja tu kati ya mbili, na muda mfupi baadaye jinsia ya pili ikapatikana katika kuvu wengine.

Kwa wakulima wa trufu hili lilikuwa jambo kubwa. Mkulima hupanda miche ya mwaloni iliyoambukizwa kuvu na husubiri miaka mingi, mara nyingi zaidi ya mitano, kabla ya kupata tunda la kwanza. Mizizi ya mti mmoja huelekea kutawaliwa na jinsia moja ya kuvu. Shamba ambalo miti yake imeshikwa na jinsia moja upande mzima linaweza kuwa na mizizi yenye afya nzuri na lisitoe kitu. Tangu hapo upimaji wa jinsia zote mbili umeingia katika utafiti wa miche na mashamba, na mikrosatelaiti zimetumika kuchora ramani ya nani anaishi chini ya mti upi.

Matumizi katika kutambua uyoga

Mwaka 2012 wataalamu wa kuvu walikubaliana kutumia kipande kimoja kama alama rasmi ya kutambulisha spishi. Kipande hicho, kiitwacho ITS, kipo kati ya jeni za RNA ya ribosomu. Kilichaguliwa kwa sababu mbili. Herufi zake hubadilika kiasi cha kutosha kutofautisha spishi zilizo karibu. Pia, kwa kuwa kimo katika safu inayojirudia, kila seli ina nakala nyingi sana, hivyo chembe ndogo ya uyoga uliokauka au kupikwa huweza kutosha kwa kipimo. Jeni yenye nakala moja tu ingekuwa imekwisha kuvunjika.

Mfano unaojulikana ni wa mwaka 2014. Wataalamu wawili wa Bustani za Kifalme za Kew, Uingereza, walinunua pakiti ya porcini zilizokaushwa katika duka moja la London, wakachukua vipande 15 na kusoma ITS ya kila kimoja. Walikuta spishi tatu, zote kutoka China, na hakuna hata moja iliyokuwa imepewa jina la kisayansi. Wakazipa majina palepale. Hakukuwa na sumu yoyote, na wenyeji wa China wamekula uyoga huo tangu zamani. Lakini ni wazi kwamba aliyeandika lebo hakujua anauza nini.

Kisa kingine kilikuwa na madhara zaidi. Trufu ya China (Tuber indicum) inafanana mno na trufu nyeusi ya Ulaya kwa macho, ila harufu yake ni hafifu na bei yake ni ndogo. Wafanyabiashara wamekuwa wakiichanganya na ile ya Ulaya, jambo ambalo ni hasara kwa mnunuzi tu mradi inaishia mezani. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba DNA ya trufu ya China imepatikana ndani ya shamba la trufu nchini Italia, kwenye mizizi ya miti ambayo mwenyewe aliamini ameipanda na kuvu ya Ulaya. Hofu ni kwamba spishi hiyo ngeni, ikiwa na nguvu za kushindana, inaweza kuisukuma ile ya asili. Ukishaenea ardhini, uyoga wa mikoriza hauwezi kung'olewa kama magugu.

Japani ilitumia transposoni zenyewe. Matsutake ya nchini humo huuzwa kwa bei kubwa kuliko ile inayoagizwa kutoka China na Korea, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Watafiti wa Japani waligundua katika matsutake retrotransposoni waliyoiita marY1. Kwa kuwa nakala yake ikishajipachika haiondoki kwa urahisi, kuwepo au kutokuwepo kwa nakala mahali fulani huonyesha ukoo wa uyoga. Kufikia mwaka 2008 walikuwa wameonyesha kwamba mpangilio wa nakala hizo unaweza kutumika kubaini matsutake imetoka sehemu gani ya Asia.

Uyoga-kifungo na ufinyu wa mbegu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Gerda Fritsche, mzalishaji wa mbegu huko Horst nchini Uholanzi, alitoa machotara mawili ya uyoga-kifungo mweupe, U1 na U3. Yalikuwa bora kiasi kwamba karibu mbegu zote nyeupe za kibiashara zilizofuata ni nakala za U1 au zinakaribiana nayo sana. Vipimo vya DNA, zikiwemo mikrosatelaiti, vimeonyesha kwamba mbegu zenye majina tofauti sokoni mara nyingi hazitofautiani kitu. Zao la ulimwengu mzima linalosimama juu ya ukoo mmoja liko hatarini kila ugonjwa mpya unapotokea.

Kutengeneza mbegu mpya si rahisi. Katika uyoga-kifungo wa kawaida, kromosomu za wazazi wawili hubadilishana vipande karibu na ncha tu, hivyo sehemu yote ya katikati hurithiwa kama furushi moja lisilofunguliwa. Aina ya mwituni iliyopatikana katika jangwa la Kalifornia, A. bisporus var. burnettii, hubadilishana vipande kwenye kromosomu nzima, na wazalishaji wa mbegu wanaitumia katika michanganyiko yao. Mwaka 2020 jenomu za aina hizo mbili zilisomwa kutoka telomea hadi telomea, na ncha za kromosomu ndizo zilizoonekana kutofautiana kuliko sehemu nyingine.

Uhusiano kati ya mabadilishano hayo na transposoni haufuati kanuni moja. Katika Coprinopsis cinerea, uyoga wa samadi wenye kromosomu 13 na herufi milioni 37, maeneo makubwa yenye mabadilishano machache hayana retrotransposoni hata kidogo, kinyume cha kile ambacho wengi wangetazamia.

Ugumu wa kuhesabu

Takwimu za mirudio zinapaswa kusomwa kwa uangalifu. Mashine za miaka ya 2000 na 2010 zilisoma DNA kwa vipande vifupi, vingi vikiwa vya herufi mia chache au pungufu, kisha kompyuta ikaviunganisha kwa kutazama ncha zinazofanana. Vipande vinavyotoka katika mirudio vinafanana vyote, na kompyuta huvirundika pamoja kana kwamba ni nakala moja. Ni sawa na kuunganisha picha iliyokatwa vipande ambayo nusu yake ni anga la buluu tupu. Matokeo yake jenomu huonekana ndogo kuliko ilivyo na mirudio huhesabiwa pungufu. Mashine mpya zinazosoma maelfu ya herufi kwa mkupuo hupita juu ya rudio zima na kuonyesha majirani wa pande zote mbili, ndiyo maana jenomu zilizosomwa upya mara nyingi hupata asilimia kubwa zaidi. Kulinganisha asilimia ya mwaka 2010 na ya mwaka 2023 bila kutaja mbinu iliyotumika ni kosa ambalo hata makala za kitaalamu hulifanya.

Afrika ya Mashariki

Coprinopsis cinerea iliyotajwa juu ina historia yake Tanzania, ambako huota yenyewe kwenye mabaki ya mkonge. Watafiti wa Tanzania wamechapisha majaribio ya kuilima kwenye mabaki hayo pamoja na Pleurotus na Volvariella. Huliwa ikiwa changa, kwa sababu kofia yake huyeyuka kuwa maji meusi muda mfupi baada ya kufunguka.

Uyoga wa mwituni unaopendwa zaidi katika eneo hili, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Kongo, ni ule wa kichuguu, jenasi Termitomyces. Hulimwa na mchwa ndani ya kichuguu kwenye bustani za kinyesi chao, na binadamu hajafanikiwa kuulima kibiashara. Jenomu ya Termitomyces wa mchwa Macrotermes natalensis wa kusini mwa Afrika ilichapishwa mwaka 2014 pamoja na ile ya mchwa mwenyewe. Spishi za Termitomyces hufanana kwa umbo, na kofia ya spishi ileile hubadilika rangi na ukubwa kadiri inavyokua, kwa hiyo wataalamu hutegemea ITS na sehemu nyingine za jeni za ribosomu kuzitenganisha.

Kwa mkulima wa mamama tatizo ni la namna nyingine. Mbegu za uyoga hununuliwa zikiwa zimeota kwenye nafaka ndani ya chupa au mfuko, na nyuzi nyeupe za spishi moja hazitofautiki kwa macho na za spishi nyingine. Kosa la maabara ya mbegu huonekana baada ya wiki kadhaa, banda likiwa limekwisha kujazwa. Kipimo cha ITS huonyesha spishi, na mikrosatelaiti huonyesha mbegu ni ya ukoo upi. Vyote viwili vinaweza kufanywa kwa kipande cha nyuzi kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama, kabla mbegu haijatoka maabarani.